Mashine Tuliyoikataza Kutikisika

Kwetu Kapata, mtaa wa watu wa mgodi, mtu alikuwa anajua kama mashine ni nzima kwa kuiwekea kiganja. Tata, yaani baba yangu, alinifundisha hivyo ningali mdogo. Unaweka mkono juu ya mota, unafumba macho, unasikiliza kwa ngozi. Ikitetemeka, ni mgonjwa. Ukiwa na shaka, unachukua turnevisi, ile bisibisi, ncha unaigusisha kwenye chuma, mpini unaubana sikioni, na habari zote za ndani zinakuja zenyewe: beringi inayolia, bolti iliyolegea, shafti iliyopinda. Tata alifunga pompi na mota za mgodi mpaka akastaafu, na dini yake, baada ya ile ya Jumapili, ilikuwa hiyo moja: mashine inayotikisika inajiua. Alitufundisha hivyo mezani, na sisi tulikula ugali tukitikisa kichwa kukubali.

Mikono yake niliirithi mimi. Leo nina karakana mjini Kolwezi, chumba kimoja na baraza, nabobina mota zilizoungua. Natoa waya wa shaba ulioungua, nasuka mpya. Wanaume wakileta pompi zao wananiuliza, “Mama, mwenye kazi eko wapi?” Nawaambia mwenye kazi ndiye huyu anayewaangalia, na kama hawamtaki, barabara iliyowaleta inajua pia kuwarudisha. Nina ulimi, sikatai. Marehemu mama alikuwa anasema nilizaliwa nikigombana na mkunga.

Lakini nataka kusimulia juu ya dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, kama kila mtu wa huku anavyomwita mkubwa wake. Miaka mingi yaya aliosha mawe. Anayeijua Kolwezi ananielewa: wanaume wanachimba, na wanawake wanasimama mtoni, maji hadi magotini, wameinama kutwa nzima wakiosha mawe ya shaba na kobalti. Ngozi ya mikono yake ilipasuka. Mgongo nao ukaharibika, mpaka muuguzi akamwambia wazi kwamba akiendelea atakuja kutambaa. Akaacha. Akahamia kando ya ziwa Nzilo, akaanza kufuga tilapia ndani ya vizimba vya nyavu vinavyoelea juu ya bidoni tupu, yale madumu ya plastiki.

Ziwa lenyewe ni la bwawa la umeme. Waya kubwa zinapita juu ya kichwa cha yaya zikienda mbali, na chini pale anawasha mshumaa. Nimegombana sana juu ya jambo hilo, na watu ambao hawakuwa na uwezo wowote wa kulirekebisha. Yaya hakugombana. Alilisha samaki wake asubuhi na jioni, akawaita batoto. Baada ya miezi kadhaa nikagundua kwamba anatembea akiwa amenyooka, na siku hiyo nilirudi mjini nikiimba peke yangu kwenye pikipiki.

Kisha mvua ya kwanza ya mwaka mmoja ikashusha maji mabaya. Machimbo huko juu ni mengi, ya wakubwa na ya wadogo, na maji yakishafika ziwani hayasemi yalipitia kwa nani. Yaya aliamka akakuta vizimba vimejaa matumbo meupe. Nilipofika alikuwa amekaa chini, nyavu zimelala mapajani mwake, hata hakulia.

“Mudogo yangu,” akasema, “nitajaribu tena mara moja tu. Kama banakufwa tena, mi narudia ku mawe.”

Hilo ndilo neno lililoninyima usingizi. Yaya si mtu wa kutisha watu. Alikuwa hana shamba, hana mume, ana watoto wa kusomesha na mgongo mbovu, na alikuwa ananieleza tu njia iliyobaki.

Wakati huo mteja mmoja alikuwa ameniletea pompi ya nyumbani kwake iliyoungua. Alikuwa anafundisha katika shule ya juu ya ufundi, na sote tulimwita prof. Huku nikiifungua pompi yake nilimpigia makelele yote ya dada yangu, maana mimi nikiwa na uchungu hata mwenye kuuza karanga atausikia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema anacho kifaa, kiboksi kidogo, kinachoonja maji na kujua kama yameingia asidi. Kikiyaona mabaya, kinatuma ujumbe kwenye telefone.

Nikaacha turnevisi. Vizimba vya yaya vinaelea! Kuna kighuba upande wa pili ambako kijito safi kinaingia kutoka mlimani. Akipata habari mapema, anaweza kuvifunga kamba na kuvikokota kwa mtumbwi mpaka kule. Mwaka ule hakukosa nguvu, alikosa habari.

Tatizo lilikuwa chakula cha kiboksi. Tuliweka paneli ya jua juu ya kijukwaa kinachoelea. Ilikaa pale muda mfupi, ikapata mwenye mwingine. Sikushangaa: kitu kinachong'aa peke yake katikati ya maji, karibu na watu wasio na umeme, kinaita. Nilikasirika tu. Na prof akanikumbusha kwamba hata isingeibwa, mvua zikianza mbingu zinafunga siku nzima, na ndipo hasa tunapohitaji kiboksi kiwe macho.

“Huko ku bahari kubwa,” akasema, “kuna vifaa bya kupima mayi, binaelea mbali kabisa. Nani ataenda kila mara kubadilisha bateri? Bingine binakulaka mawimbi.”

“Binakulaka mawimbi!” Nilicheka. “Prof, sisi bahari tuliionaka tu ku karte ya shule.”

“Na Nzilo mu mwezi wa kumi, wakati upepo unakuja?”

Hapo nikaacha kucheka. Kila mwaka yaya analalamika juu ya upepo ule. Unavuma kabla ya mvua, unatupa mtumbwi wake huku na huku. Upepo unatangulia, mvua inafuata, na maji mabaya yanakuja nyuma ya mvua. Kumbe chakula cha mashine kingefika kabla ya kazi yake. Siku ile nilimtengenezea prof pompi yake bila kumgombeza hata kidogo.

Tukaunda. Tulichukua pipa la plastiki la bluu, lile la kuwekea maji nyumbani. Ndani tukaning'iniza sumaku nzito kwenye springi, na kuizunguka sumaku nikasuka koili ya waya mwembamba wa shaba, kwa mkono wangu, taratibu, nikifukuza kila mteja aliyekuja kunichanganya. Wimbi likiinua pipa, sumaku inabaki nyuma kidogo, kisha inapanda, inashuka, inapita ndani ya shaba, na umeme unazaliwa. Ni umeme kidogo sana, hauwezi hata kuchemsha yai. Lakini kiboksi cha prof kina tumbo dogo. Kinaamka, kinaonja maji, kinatuma neno, kinalala. Tulikiwekea na kibateri cha kuweka akiba, tukakijaza karakanani kabla ya kuondoka.

Tata akasikia, akaja. Mzee aliyestaafu akisikia kuna kitu cha chuma kinachofungwa mahali, utamzuia na nini? Alivaa kofia yake ngumu ya zamani ya kazini, kofia ya mgodi kandokando ya ziwa, akasimama ufukweni, upande ambako maji ya machimbo yanaingilia ziwani, akatupa amri. Minyororo mitatu. Mawe makubwa matatu chini. Kaza huku, kaza na kule, bado, kaza tena! Siku hiyo maji yalikuwa shwari, mimi na prof tukafanya kila alichosema, tukavuta mpaka pipa likazama nusu na kusimama pale kama nguzo. Nililiwekea kiganja, nikapaza sauti:

“Tata, haitikisike hata kidogo!”

“Njo sasa mashine,” akajibu tata kwa raha, yaani hiyo ndiyo mashine hasa.

Prof naye akapiga makofi. Baba yake pia alikuwa mtu wa mgodi. Tulikuwa watatu pale, watoto wa mgodi wote, tumelelewa na neno moja, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza lolote. Tukapiga picha. Tukala samaki wa yaya na tukarudi nyumbani tumeshiba na kujisifu.

Mwanzoni kila asubuhi ujumbe ulifika kwenye telefone ya yaya na kwenye yangu: MAYI MUZURI. Yaya alikuwa anaujibu. Anaandika: “Merci mingi, na wewe lala muzuri.” Nilimwambia lile ni pipa, halisomi. Akaniambia adabu haijawahi kumwua mtu. Alikuwa ameshanunua vifaranga wa samaki wapya, na wakakua.

Halafu asubuhi moja ujumbe haukuja, na kesho yake pia haukuja. Yaya akanipigia.

“Mashine yenu imenyamaza. Nimeikosea nini?”

Tukalitoa pipa, tukalifungua: kibateri kimekauka. Kumbe siku zote zile kiboksi kilikuwa kinakula akiba tuliyoijaza karakanani. Prof akasema labda koili. Koili yangu! Nikamwambia koili yangu inaweza kwenda misa na kupokea sakramenti, aangalie kiboksi chake kwanza. Tuligombana mpaka majirani wakatoka nje. Kisha, kwa hasira, nikaifumua koili yote na kuisuka upya. Tukaliweka pipa barazani, tukalitikisa kwa mikono, mimi upande huu na prof upande ule, na taa ndogo ya kupimia ikawaka. Wapita njia walisimama kuangalia watu wazima wawili wakibembeleza pipa. Tukalirudisha ziwani, tukalikazia minyororo yake mitatu vizuri kabisa, na likanyamaza tena.

Mwezi wa kumi ukaanza. Upepo ukaja, mawingu yakaanza kukusanyika mchana na kutawanyika. Jumamosi moja nilikwenda kwa yaya nikaona mabuti yake ya mpira, yale ya kuoshea mawe, yameoshwa na kuanikwa juu ya ua. Sikuuliza. Yeye aliniandalia chai. Lakini nilijua kwamba anajitayarisha, na moyo ulinipasuka pale pale, kikombe mkononi.

Nilirudi Kapata nikamwambia tata, nikilia, nikitukana mashine, prof, ziwa, na mtu yeyote aliyewahi kuvumbua umeme. Tata akaniacha nimalize. Akasema, “Mama, kesho tunaenda wote. Na mi naingia mu mtumbwi.”

Huyu ni mzee ambaye maisha yake yote aliingia chini ya ardhi bila woga na hakuwahi kupanda kitu chochote kinachoelea. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo. Yaya alikaa nyuma na kasia, mimi na prof katikati, tata mbele na kofia yake. Hatujafika hata nusu ya njia, tata akabadilika rangi. Akainama pembeni akatapika chai yote na mkate. Akajifuta, akatapika tena. Nilitaka turudi. Akanikatalia kwa kidole, hawezi kusema.

Tulipofika penye pipa, mtumbwi ulikuwa unapanda na kushuka, na tata, akitafuta kitu cha kujishikilia, akalikumbatia pipa kwa mkono mmoja. Kiganja kikalala juu yake, kwa mazoea tu. Akafumba macho. Nikaona uso wake unabadilika.

“Mama,” akaniita. “Hii kintu haitikisike.”

“Ndiyo, tata, tuliifunga muzuri.”

“Apana, sikia mi naambia nini.” Akameza mate. “Mi niko natapika juu ya haya mawimbi. Mtumbwi inaruka. Wewe unaruka. Na mashine inasimama sawa kanisa. Shi ulisema inakulaka mawimbi? Sasa inakula nini?”

Nilimtazama prof, prof akanitazama. Maji yalikuwa yanaruka pande zote, na pipa letu limesimama katikati yake, tulivu, likifa njaa kwa sababu tulilifunga kisawasawa. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, yaya akadhani nimepatwa na wazimu. Barazani tulikuwa tunalitikisa kwa mikono yetu wenyewe, mama yangu! Tunalitikisa, taa inawaka, halafu tunakuja kulifunga lisitikisike.

“Ni mi nilifunga,” tata akasema, “ni mi nafungua.” Na akafungua, mzee yule, huku akitapika. Tukatoa minyororo miwili, wa tatu tukaurefusha sana, ukalegea chini ya maji. Pipa likaruka. Lilipanda, likashuka, likainama upande, likarudi, na ndani yake tukasikia sumaku inapita, tok, tok, tok. Tata akatoa turnevisi mfukoni, akaigusisha kwenye plastiki, mpini akaubana sikioni. Alisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Inatembea,” akasema. “Ee Mungu wangu, inatikisika vibaya, na inatembea.”

Namshukuru sana kwa siku ile. Wazee wengi wangesema ni vijana ndio waliowashauri vibaya. Yeye alishika neno alilolihubiri miaka yote, akaliweka chini mbele ya binti zake, na tumbo likimsokota. Nyumbani alimweleza kila jirani, akicheka, jinsi alivyotaka kuua mashine kwa kuipenda.

Ujumbe wa MAYI MUZURI ulirudi, na yaya akarudia kuujibu.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku wa kuamkia Jumapili. Asubuhi, misa ikiwa katikati, telefone yangu ikatetemeka ndani ya pochi. MAYI MUBAYA. Nilitoka kanisani nikikanyaga miguu ya watu. Nikampigia yaya, haitiki. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea, nyuma yake kelele za watu na maji.

“Acha kunipigia! Mikono yangu iko mu kamba!” Akakata.

Barabara ilikuwa matope matupu, hakuna pikipiki iliyokubali kwenda. Nilikaa kwa tata mpaka jioni, sote wawili hatuli, telefone mezani kati yetu. Siwezi kusema niliomba. Nilikuwa nagombana na Mungu, naye alinivumilia, kwa hilo pia ninamshukuru.

Kesho yake tukafika. Ufukwe wa upande wa kwa yaya ulikuwa na samaki wa ziwa waliokufa, wengi, wananuka. Tata akanishika mkono. Tukaenda kwa miguu kuzunguka mpaka kwenye kighuba, na vizimba vyote vilikuwa pale, vimefungwa kwenye mizizi ya miti. Yaya alikuwa amesimama majini, amezungukwa na wavuvi watatu wa jirani waliochoka, nguo zao zingali na matope. Kidole kimoja hakivunji chawa: alipoona ujumbe alipiga makelele, nao wakaja na mitumbwi yao, wakakokota tangu asubuhi mpaka mchana. Wamelipwa nini? Hakuna. Nikawasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili.

Yaya akatupa konzi ya pumba ndani ya kizimba. Maji yakachemka kwa samaki.

“Banakula,” akasema. “Unaona? Batoto banakula.” Ndipo akalia, kilio cha mwaka mzima, na tata akaingia majini na viatu vyake kwenda kumshika.

Tulikaa naye siku mbili. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, yaya alijinyoosha juu ya mkeka na kuweka telefone karibu na sikio, usingizi ukamchukua. Mimi nilikuwa naosha sahani na jirani yake, mke wa mmoja wa wale wavuvi, mama mpole. Mbingu ikawa nyeusi, upepo ukaja, na mvua ikaanza kupiga mabati. Yule mama akaacha sahani akaangalia ndani, akaniambia kwa sauti ya chini kitu ambacho yaya hakuwahi kuniambia. Tangu samaki wale walipokufa, mvua ikianza tu, iwe mchana iwe usiku, yaya alikuwa anatoka, anakaa mlangoni na kitenge kichwani, anaangalia maji mpaka iishe. Hata kama ni mpaka asubuhi. Walikuwa wanamwona kutoka kwao na hawakujua wamwambie nini.

Nilisimama kwenye mlango na mikono yenye sabuni. Tata alikuwa kitini, naye alikuwa amesikia. Mvua ikazidi, ikapiga mabati mpaka usingeweza kusikia mtu akiongea. Nikamsogelea yaya nimwamshe. Tata akaweka kidole mdomoni pake: nimwache.

Yaya akageuka upande wa pili, akavuta kitenge mpaka shingoni, na akaendelea kukoroma.